Mvinyo mwekundu wa Ufaransa kwa bei unayoimudu: nunua kwa jirani wa mashuhuri

Bei ya mvinyo wa Kifaransa hufuata kwanza jina la mahali, ladha baadaye. Pauillac, Pomerol, Hermitage, Châteauneuf-du-Pape, Gevrey-Chambertin: haya ni majina ya vijiji na vilima, na kila moja lina watu tayari kulilipia duniani kote. Hekta moja ya mizabibu Pauillac huuzwa kwa mamilioni ya euro, ilhali shamba la Bordeaux ya kawaida linapatikana kwa chini ya euro 20,000 kwa hekta. Tofauti hiyo inaingia kwenye chupa yako hata kama mkulima wa upande wa pili wa barabara anafanya kazi ileile kwa bidii ileile.

Kwa hiyo mwongozo huu una shauri moja kubwa, na mengine ni vijukuu vyake: liache jina kubwa, umtafute mkulima mzuri wa eneo la jirani. Hapa naongelea mvinyo mwekundu tu. Mweupe una mambo yake.

Hatua ya 1: Panga bei, na ujue pesa yako inakwenda wapi

Chukua chupa ya euro 4 kwenye supamaketi ya Ufaransa. Toa VAT ya asilimia 20, toa faida ya duka, usafiri, chupa yenyewe, kizibo, lebo na katoni. Kinachobaki kwa ajili ya kilichomo ndani ni senti chache. Sasa chukua ya euro 9. Chupa, kizibo na usafiri havijapanda bei kwa kiasi hicho, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyongeza imeingia shambani na kwenye pipa. Ndiyo maana kwa anayenunua Ufaransa kwenyewe eneo la kuwindia ni kati ya euro 8 na 15. Chini ya hapo unabahatisha. Ukivuka sana euro 20, unaanza kulipia sifa.

Nje ya Ufaransa hesabu hubadilika. Ufaransa ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ni kama senti 3 tu kwa chupa, kiasi ambacho hata hukioni. Uingereza, Kenya na Tanzania hutoza kwa lita au kwa kiasi cha kileo, bila kujali thamani. Chupa duni na chupa bora zinabeba mzigo uleule, kwa hiyo anayenunua ya bei ya chini kabisa amenunua zaidi kodi kuliko kinywaji. Ongeza na gharama za meli na za mwagizaji, utaelewa kwa nini Nairobi au Dar es Salaam eneo la kuwindia limesogea juu.

Na nilisemee hili wazi: kama pesa uliyo nayo inafika kwenye rafu ya chini tu ya Kifaransa, siku hiyo achana na Ufaransa. Kwa bei hiyo Afrika Kusini itakupa kitu kilicho bora zaidi. Rudi kwa Wafaransa ukiwa na uwezo wa kupanda ngazi moja.

Hatua ya 2: Ujue ulimi wako unapenda nini

Kabla ya kujifunza majina, jiulize mambo matatu. Je, unavumilia ukakasi, ule unaokausha fizi kama umeng'ata bibo? Unatokana na tanini iliyomo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Je, unapenda uchachu unaotia mate mdomoni? Na je, unataka mvinyo mzito unaojaza kinywa, au mwepesi unaoweza kunywewa mchana?

Anayekimbia ukakasi aanze na Gamay (Beaujolais) au Pinot Noir (Bourgogne). Anayependa kitu cha moto, chenye tunda lililoiva na kileo cha asilimia 14 na zaidi, aende kusini kwenye Grenache. Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône ina harufu ya pilipili manga, tena si ya kubuni: ni kemikali ileile, rotundoni, inayopatikana kwenye pilipili manga yenyewe. Cabernet Franc ya Loire ina uchachu na harufu ya majani mabichi ambayo wengine huichukia siku ya kwanza. Cabernet Sauvignon, Malbec na Tannat ndio wababe wa ukakasi.

Hatua ya 3: Nunua kwa jirani

Hapa ndipo penye faida, kwa hiyo tusiende haraka.

Bordeaux. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris chini ya Napoleon III, madalali wa mvinyo wa Bordeaux walipanga château mashuhuri (mashamba yanayotengeneza mvinyo wao wenyewe) katika madaraja matano. Walipanga kwa bei zilizokuwa sokoni, na orodha hiyo inatawala mpaka leo. Badiliko kubwa linalokumbukwa ni Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Kwa mivinyo myekundu waliorodhesha Médoc, wilaya yenye Pauillac na Margaux, wakaongeza château moja tu ya wilaya ya Graves, Haut-Brion. Ng'ambo ya mto Dordogne hawakugusa kabisa. Hata Pétrus ya Pomerol, ambayo leo ni miongoni mwa chupa ghali kuliko zote duniani, haimo.

Huko huko ng'ambo ndiko kwenye unafuu. Mashariki ya Saint-Émilion, jina jingine kubwa la Bordeaux, uwanda wa mawe ya chokaa haukomi kwenye mpaka wa kijiji, unaendelea mpaka Castillon, mji uleule ambako vita vya mwaka 1453 vilimaliza Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza. Lebo itasomeka Castillon Côtes de Bordeaux. Zabibu ni Merlot kwa wingi na Cabernet Franc, kama kwa jirani, na chupa nzuri hupatikana kwa euro 10 hadi 15. Fronsac na Canon-Fronsac ni hivyohivyo. Lalande-de-Pomerol iko kaskazini mwa Pomerol, kijito tu kinawatenganisha. Upande wa Médoc, acha Margaux na Pauillac, tafuta Moulis, Listrac na Haut-Médoc.

Kuna jambo jingine linalomsaidia mnunuzi kwa sasa, ingawa linamuumiza mkulima. Wafaransa wamepunguza sana kunywa mvinyo mwekundu, na Bordeaux ina shehena isiyouzika. Mwaka 2023 ulianza mpango wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa hekta wang'oe mizabibu yao. Kwa hiyo Bordeaux ya mtu asiye na jina, iliyotengenezwa kwa uangalifu, leo inauzwa kwa bei ya kuonea huruma.

Rhône. Hermitage ni kilima kimoja juu ya mji wa Tain, eneo dogo, na bei zake ni za wenye nazo. Crozes-Hermitage inakizunguka kilima hicho, ni Syrah ileile, na inapatikana kwa robo ya bei au chini yake. Ushirika wa wakulima wa Tain, ulioanzishwa mwaka 1933, unatengeneza zote mbili, na Crozes yao ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukitaka kushuka zaidi, tafuta Syrah yenye maneno IGP Collines Rhodaniennes (IGP ni daraja la eneo pana zaidi, lenye masharti mepesi). Mara nyingi ni ya wakulima wakubwa walewale, imetoka kwenye mizabibu michanga au mashamba yaliyo nje kidogo ya mpaka.

Kusini, Châteauneuf-du-Pape amezungukwa na majirani wanaopanda ngazi mmoja baada ya mwingine. Gigondas ilipewa hadhi ya kutumia jina lake peke yake kwenye lebo mwaka 1971, Vacqueyras 1990, Cairanne 2016. Kila kijiji kikipanda, bei nayo hupanda, lakini taratibu. Ndiyo sababu Cairanne, Rasteau na Vinsobres bado ni ununuzi mzuri, na Lirac, iliyo ng'ambo ya mto ikitazamana na Châteauneuf, watu wengi wanaisahau. Chini yao kuna Côtes du Rhône Villages yenye jina la kijiji au eneo: Séguret, Sablet, Visan, Plan de Dieu. Kwa euro 8 hadi 12 sijui eneo jingine linalokosea kwa nadra hivi. Na kama uko mbali na Ufaransa na duka lina majina machache, Côtes du Rhône nyekundu ya mtengenezaji Guigal imesambaa karibu kila mahali na haina mizungu.

Beaujolais. Hii ndiyo ningemwambia rafiki anunue kwanza. Mwaka 1395 Mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alipiga marufuku Gamay kwenye ardhi yake akaiita mti usio mwaminifu. Ikasalia na nguvu kusini, kwenye miamba ya matale ambako inastawi vizuri zaidi. Halafu Beaujolais Nouveau, ule mvinyo wa haraka unaotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, ukaja kuwafanya watu waamini eneo lote ni la mzaha. Heshima haijarudi sawasawa, na bei ndivyo hivyohivyo. Kuna maeneo kumi yenye hadhi ya juu: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Lebo zao nyingi hazitaji hata neno Beaujolais kwa maandishi makubwa, kwa hiyo majina haya yakariri. Fleurie ni laini, Morgon na Moulin-à-Vent ni mizito zaidi kinywani na inaweza kukaa miaka kumi. Euro 11 hadi 17.

Bourgogne ndiyo ngumu. Kwa mfuko mdogo, usinunue jina kubwa la Bourgogne kwa bei ya chini. Utapata maji mekundu yenye kiburi. Tafuta Mercurey, Givry au Hautes-Côtes de Nuits kwa mkulima anayejulikana, ukijua utatoa euro 18 na zaidi. Na ukiona Coteaux Bourguignons, fahamu kwamba ndani inaweza kuwa Gamay tupu.

Languedoc na kusini-magharibi nitazipitia upesi, maana hapo jina halijafika bei ya kukimbiwa: Minervois, Corbières, Faugères na Saint-Chinian kwa euro 7 hadi 12, hasa zenye Carignan ya mizabibu mizee. Terrasses du Larzac na Pic Saint-Loup zimeanza kupanda. Cahors ni Malbec, Madiran ni Tannat. Vyote vinataka nyama. Loire, kwa Cabernet Franc: Chinon, Bourgueil, Saumur-Champigny.

Hatua ya 4: Soma lebo kama mkaguzi

Tafuta vitu vitatu: jina la eneo (mara nyingi katikati ya maneno Appellation na Contrôlée au Protégée), jina la mtengenezaji, na nani alijaza chupa. Mis en bouteille au château, au domaine au à la propriété maana yake ilijazwa kwa mkulima au kwenye ushirika wake. Kukosa maneno hayo si dhambi, kwani wapo wafanyabiashara wazuri wanaonunua mvinyo na kuujaza wenyewe, ila hapo unategemea jina la mfanyabiashara.

Sasa maneno ya kupamba. Grand Vin de Bordeaux haikuhakikishii ubora. Vieilles Vignes, mizabibu mizee, haina umri uliowekwa. Wa miaka 25 anaandika na wa miaka 80 anaandika. Réserve na Cuvée Prestige ni hiari ya mwandishi wa lebo. Saint-Émilion Grand Cru ni eneo la kawaida lenye mamia ya mashamba, usilichanganye na Grand Cru Classé, mashamba machache yaliyopangwa daraja rasmi. Medali ya dhahabu isikutie kiwewe: sheria inaruhusu hadi theluthi ya mivinyo iliyoshindanishwa ipewe medali. Na chupa nzito yenye shimo refu chini ni kioo tu, umekilipia na umekibeba.

Usidharau pia maneno Vin de France. Ni daraja la chini kisheria, lakini wapo wakulima hodari waliojitoa kwenye masharti ya eneo lao kwa makusudi. Ukiona Vin de France ya euro 14 kwenye duka linalojali, uliza habari zake.

Hatua ya 5: Mwaka wa mavuno

Kwa bei zetu mwaka si jambo kubwa, mtengenezaji ndiye. Bordeaux ya 2015, 2016, 2018, 2019, 2020 na 2022 ilikuwa na miaka mizuri, 2013 ilikuwa mbaya. Kusini mwa Rhône 2016 na 2019 ilikuwa bora. Linalofaa kukumbukwa zaidi ni kwamba mvinyo wa euro 9 ulitengenezwa unywewe ndani ya miaka miwili hadi sita. Chupa kama hiyo ya mwaka 2011 kwenye rafu yenye vumbi si hazina.

Hatua ya 6: Pa kununulia

Ukiwa Ufaransa, Septemba ni mwezi wako. Leclerc, Carrefour, Auchan, Lidl na wenzao hufanya foire aux vins, mauzo makubwa ya mvinyo, na katalogi hutoka kabla. Weka alama kwenye majina ya wakulima unaowajua, fika siku ya kwanza asubuhi, na upite pembeni ya lebo zisizojulikana zilizorundikwa mlangoni kwa bei "iliyokatwa".

Miezi mingine nenda kwa caviste, muuza mvinyo wa mtaani. Watu humwogopa wakidhani ni wa matajiri. Mwambie bei yako waziwazi: "Nina euro 12, nitakula mbuzi wa kuchoma, sipendi ukakasi mwingi." Hakuna sentensi itakayokuokolea pesa kuliko hiyo. Na ukipita vijijini, ingia kwenye ushirika, cave coopérative. Kusini bado wapo wanaouza kwa lita kutoka kwenye pampu, unakwenda na dumu lako. Mvinyo wa boksi la lita 3 au 5 kutoka ushirika mzuri hukaa wiki tatu hadi nne baada ya kufunguliwa, kwa hiyo unamfaa anayekunywa glasi moja kwa usiku.

Afrika Mashariki adui mkubwa ni joto. Kontena limekaa juani bandarini, kisha chupa imesimama miezi chini ya taa. Kabla ya kulipa, kagua: kizibo kisiwe kimesukumwa juu, shingo isiwe na michirizi ya kuvuja, na mvinyo ufike kwenye shingo, usiwe umeshuka mabegani. Chagua duka lenye kiyoyozi na mzunguko wa haraka, omba chupa ya ndani au ya kwenye katoni. Kati ya lebo maarufu iliyoota vumbi na Côtes du Rhône iliyoingia juzi, chukua ya juzi.

Kuna na njia ya mchango. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Watu sita wakichanga, hata Gigondas au Saint-Émilion Grand Cru Classé haimuumizi mtu. Zuri zaidi ni kununua mbili za kulinganisha, kwa mfano Côtes du Rhône ya kawaida na Cairanne ya mtengenezaji yuleyule. Zifunikeni kwa magazeti mnywe bila kujua ipi ni ipi. Mkishindwa kutofautisha, mmejua ya kununua mwezi ujao.

Hatua ya 7: Kufungua na kupoza

Ule usemi wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumbani ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya. Chumba cha Mombasa kina nyuzi 30. Mvinyo wa joto hilo hunuka kileo tu. Mwekundu mzito unataka nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo uweke kwenye friji kwanza. Beaujolais na Chinon zinataka nyuzi 12 hadi 14, kwa hiyo zikae muda mrefu zaidi. Umechelewa? Ndoo yenye maji na barafu, dakika 10 hadi 15. Barafu ndani ya glasi hapana.

Mvinyo mchanga wenye ukakasi, mfano Madiran, Cahors au Crozes, umimine kwenye jagi saa moja kabla. Jagi la maji la kawaida linatosha. Kutoa kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii, shingo ni nyembamba na hewa haipiti. Glasi iwe ya kubana juu kidogo, ijaze theluthi.

Ukinusa harufu ya boksi lililolowa, kizibo kimeharibu mvinyo. Usijilazimishe, rudisha dukani na mvinyo ukiwa ndani. Duka la maana litabadilisha.

Hatua ya 8: Chakula

Protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini, ndiyo maana Madiran inayokwaruza ukiwa na njaa hulainika ukiwa na mbavu za mbuzi mkononi. Minervois au Gigondas kwa nyama choma, Cairanne kwa pilau ya ng'ombe, Crozes kwa mishkaki. Kuku wa kupaka na vyakula vya nazi vinaenda na Fleurie iliyopozwa. Kachumbari yenye ndimu huua mivinyo isiyo na uchachu, hapo lete Chinon. Samaki na mvinyo mwekundu mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali nayo huongeza moto wa kileo, kwa hiyo kaa mbali na mvinyo wa asilimia 14.5 siku hiyo.

Hatua ya 9: Kilichobaki

Rudisha kizibo, weka kwenye friji hata kama ni mwekundu. Baridi hupunguza kasi ya kuharibika. Gamay itakaa siku mbili, mvinyo mzito wa kusini hadi nne. Kama una chupa ndogo safi ya soda, mimina ijae mpaka juu ufunge, hapo hewa haina nafasi. Ukishachacha, usiumwage: vikombe viwili kwenye nyama ya ng'ombe yenye mifupa, vitunguu, karoti na moto mdogo kwa saa tatu, na chakula cha Jumapili kimepatikana.